Wakuu, hivi kwa wiki mnatumia masaa mangapi kwenye mpira? Nimehesabu ya kwangu nimenyamaza

Beki wa Kulia:

Wakuu salama? Naomba niulize kitu na naomba majibu ya kweli, sio yale tunayotoa tukiwa tunatetea ndoa. Wiki mbili zilizopita nimekaa zangu naangalia mechi, mke wangu akapita na beseni la nguo kiunoni, akasimama pale mlangoni, wala hakukasirika, akaniuliza taratibu tu, "Baba watoto, hii mechi moja unayosemaga kila siku, inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi?" Halafu huyo, akaenda zake kuanika. Mimi nikacheka nikarudi kwenye skrini maana tulikuwa na kona. Kona yenyewe haikuzaa kitu, ila lile swali likakaa.

Basi nikatafuta daftari, nikasema kuanzia jumatatu mpaka jumapili naandika kila dakika inayokwenda kwenye mpira bila kujionea huruma. Na sio mechi tu. Kusubiri kikosi kitoke, naandika. Wachambuzi kabla ya mechi, wachambuzi mapumziko, wachambuzi baada ya mechi, naandika. Tetesi za usajili, kubishana kwenye grupu na mtu ambaye hata sura simjui, hailaiti za mechi ambazo sikuziona, na hailaiti za mechi ambayo nimetoka kuiangalia yote dakika kumi zilizopita (hii nilipoiandika niliona aibu mwenyewe na nilikuwa peke yangu).

Jumapili usiku nikapiga hesabu. Mechi nilizoangalia mwanzo mwisho zilikuwa 4 tu. Kichwani mwangu mechi ni saa moja na nusu, si ndivyo tunavyosema, ila saa ya ukutani inakataa, kuna robo saa ya mapumziko, kuna dakika za majeruhi, kwa hiyo zile 4 zikala masaa 7 na dakika 40. Juu yake mechi 2 nilizochungulia nusunusu, masaa 2. Jumla 9 na dakika 40. Nikajisemea mbona kawaida tu, mtu mzima huyu ana haki zake. Nikaenda mstari wa pili, kabla na baada ya mechi, masaa 3. Mstari wa tatu, simu. Masaa 6 na nusu. Wakuu, masaa 6 na nusu ya kusoma kwamba straika fulani kaonekana uwanja wa ndege halafu kumbe alikuwa anaenda likizo na familia yake.

Jumla kuu masaa 19 na dakika 10. Nikafunga daftari nikalisukumia chini ya godoro kama mtu aliyeficha barua.

Na hiyo ni wiki ya kawaida, hakuna fainali hakuna dabi. Sasa nauliza, nyie mkihesabu kweli kweli mnapata ngapi? Na kama kuna aliyefanikiwa kupunguza, alianzia kukata wapi? Maana sitaki nifike kuwa yule mtu anayeuliza "jana ilikuwaje" kama anaulizia mvua.


Refa Mstaafu:

Pole mkuu ila kuna kitu umesahau na kitakuuma zaidi. Kwenye hayo karibu masaa mawili ya kila mechi, mpira wenyewe unatembea kama dakika 55 hadi 60 hivi kwenye hizi ligi kubwa. Zilizobaki umeangalia watu wanatembea na kunywa maji.

Mimi nimechezesha mechi za mtaani miaka kadhaa (ndo asili ya jina, msinitafute kuniuliza penati yenu) na ukishika saa ya kusimamisha ndo unaelewa. Chukua faulo moja tu nje ya boksi. Mtu kaanguka, anabiringika mara tatu, daktari anaingia na begi, refa anahesabu hatua za ukuta, anapulizia lile povu, ukuta unasogea mbele, anaurudisha, wachezaji wawili wanabishana nani apige huku wameziba midomo kwa mikono, mwisho mpira unapaa juu ya goli. Dakika mbili zimekwenda hapo na hakuna mpira uliochezwa. Timu inayoongoza ikipata mpira wa kurusha ndo usiseme, ni kama wanaitisha kikao. Makipa ndo kabisa, sheria ya zamani ilisema wasikae na mpira mkononi zaidi ya sekunde 6 na karibu hakuna aliyeifuata, ikabidi 2025 waibadilishe iwe sekunde 8 na akizidisha wapinzani wanapewa kona, angalau sasa wanaogopa.

Halafu mkumbuke Kombe la Dunia 2022 Qatar, FIFA waliwaambia marefa wahesabu muda wote unaopotea wasionee mtu aibu. Uingereza na Iran, kipa wa Iran akagongana na mwenzake, kipindi cha kwanza kikaongezwa dakika 14. Cha pili nacho vilevile, Uingereza wameshaongoza 6 kwa 1 watu wanataka kulala, penati ya Taremi wa Iran inaingia 90+13! Kwa haki ya mchezo ni uamuzi mzuri sana. Kwa mtu aliyemwambia mkewe "nakuja mechi ikiisha" ni janga.

Mimi kwa wiki ni kama masaa 8, lakini mimi simu siijui vizuri.


Timu Mbovu FC:

Timu yangu haichezi Ulaya kwa hiyo jumanne na jumatano nipo huru kabisa. Hii ndo faida pekee niliyowahi kuipata kutoka kwa hawa watu.


Kikokotoo:

Beki wa Kulia umenitamanisha kupiga hesabu. Tuseme msimu una wiki 40 hivi, masaa yako 19 na dakika 10 mara 40 unapata kama masaa 766. Weka hapo kwanza.

Premier League ina timu 20, kila timu mechi 38, jumla mechi 380. Tuseme kila mechi masaa mawili. Ligi nzima, mechi zote, hata zile za wa 14 na wa 16 siku ya mvua, ni masaa 760. Umeelewa lakini? Muda unaotumia wewe kwa msimu unatosha kuangalia KILA mechi ya Premier League mwanzo mwisho, na bado unabaki na masaa 6 ya kubishana. Karibu siku 32 mchana na usiku bila kulala. Wakati timu yako mwenyewe kwenye ligi inahitaji masaa 76 tu! Siku tatu na masaa manne kwa mwaka mzima. Ongeza vikombe, ongeza Ulaya, haitazidi 120 sana. Yaliyobaki yote huiangalii timu yako mkuu, unaangalia maisha ya watu wengine.

Ila na mimi nikutetee kidogo, maana tatizo lingine ni kwamba mechi zenyewe zinazaliana. Champions League ilikuwa na mechi 125 kwa msimu, kuanzia 2024/25 wakaleta ule mfumo wa timu 36 kwenye jedwali moja, sasa ni mechi 189. Kombe la Dunia lilikuwa mechi 64, la 2026 wameliwekea timu 48 na mechi 104, tarehe 11 Juni hadi 19 Julai. Siku 39 hizo. Mechi 104 mara masaa mawili ni masaa 208, gawanya kwa 39 unapata masaa matano na dakika 20 kwa siku kila siku, na bado hujafika kazini. Kombe la Dunia la klabu nalo 2025 likawa timu 32 mechi 63, kipindi ambacho zamani ilikuwa ndo mapumziko yetu sisi mashabiki. Wao wanaongeza mechi lakini siku haijaongezwa hata dakika.

(Kabla hamjanirekebisha, najua mechi zote 104 huwezi kuziangalia laivu, za mwisho za makundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Hii ilianza baada ya 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walipopata matokeo yanayowafaa wote wawili, 1 kwa 0, goli la dakika ya 10, halafu wakapasiana tu mpaka mwisho na Algeria ikatolewa. Kwa hiyo Wajerumani na Waaustria ndo waliookoa masaa yetu machache, ingawa hawakukusudia.)

Mimi: masaa 14. Nilihesabu wiki moja tu sikurudia tena.


Mama Wawili:

Naingia kama mgeni humu, mimi ni mke wa mtu wa aina yako kaka Beki. Nimesoma hesabu zenu nimezipenda sana ila daftari lako lina mstari umeruka. Masaa ya kununa hujayaandika.

Mechi ikiisha mmefungwa, wewe unasema mechi imeisha. Kwetu ndo inaanza. Mume wangu wakifungwa jumamosi, ile jioni haongei, anakula kama anamfanyia mtu hisani, jumapili asubuhi mtoto akimuuliza kitu anajibu "mm". Jumatatu ndo anarudi, tena akikutana na wenzie wa timu iliyowafunga anarudi nyuma tena. Sasa hayo unayaweka mstari gani? Masaa mawili ya mechi sina shida nayo hata kidogo, nampelekea na chai. Ni yale 30 yanayofuata.

Na kingine, mnasema mnaangalia mechi mkiwa nyumbani na familia. Siku moja mwanangu mdogo kaja na daftari la hesabu, za kugawanya, baba yake akamwambia ngoja kona hii. Mtoto akasimama pembeni ya kochi na penseli yake anangoja. Kona ikapigwa, ikatoka kona nyingine. Ikapigwa, ikaja faulo. Mtoto nae hajui mpira, akawa ananiangalia mimi, "mama, kona imeisha?" Niliishia kumfundisha mimi kugawanya na mimi hesabu zilinishinda tangu zamani.

Msinione nawachukia. Fainali ya Kombe la Dunia 2022 mimi nilikuwa nimeshaaga nikalale, Argentina wanaongoza 2 kwa 0 na mume wangu ameshaanza kujisifu, nimesimama nimeshika mto, yule kijana Mbappé wa Ufaransa akafunga dakika ya 80, nikasema ngoja nione, dakika mbili hazijapita kafunga tena. Nilikaa chini na mto wangu mpaka matuta, zile penati za mwisho. Kwa hiyo najua kinachowashika. Nasema tu muandike vyote.


Beki wa Kulia:

Dada Mama Wawili hiyo ya kona imenipiga. Nimeisoma mara mbili na mtoto wangu yuko hapa pembeni na sijui alikuwa ananiuliza nini.

Masaa ya kununa nikiyaandika daftari litaisha kurasa.


Zamu ya Usiku:

Mimi nafanya kazi usiku kwa hiyo mechi nyingi kubwa zinanipita nikiwa kazini. Nilichofanya, siangalii laivu kabisa, naangalia mechi nzima kesho yake asubuhi nikitoka, nimerekodi. Hapo unakata mapumziko, unakata wachambuzi, unasogeza mbele kila mtu akilala chini, mechi ya masaa mawili inaisha kwa saa moja na dakika chache na umeona kila kitu. Kwa wiki situmii zaidi ya masaa 5.

Shida ni kukwepa matokeo. Hiyo ni kazi nyingine nzima. Simu naigeuza kifudifudi, grupu zote nimezinyamazisha, kazini nimewaambia wenzangu mtu asiniambie. Lakini binadamu hawezi kuficha. Kuna jamaa mmoja zamu ya asubuhi, shabiki wa wapinzani wetu, hasemi neno hata moja, ananisalimia tu. Ila nimeshamjua, akiniuliza "umeamkaje ndugu yangu" kwa upole najua tumefungwa. Akinipita kimya tumeshinda. Amenihabarisha msimu mzima kwa salamu tu.


Kipa wa Akiba:

Zamu ya Usiku nakuheshimu lakini hiyo sio kuangalia mpira, hiyo ni kusaini mahudhurio. Na wale wa hailaiti za dakika kumi ndo kabisa, mnakula mapambo ya keki.

Fikiria fainali ya Champions League 2005 Istanbul, Milan na Liverpool. Ukiangalia hailaiti utaona Gerrard wa Liverpool kafunga dakika ya 54, Šmicer 56, Alonso 60 baada ya kipa Dida kuipangua penati yake, tatu tatu, raha sana. Dakika sita. Sawa. Lakini wewe hukukaa zile dakika 45 za kwanza. Hukuona Maldini wa Milan akifunga dakika ya kwanza kabisa hata hujakaa vizuri, hukuona Crespo akiweka mbili, hukukaa robo saa nzima ya mapumziko ukijiuliza uende ukalale au ubaki uteseke. Zile dakika sita zina utamu kwa sababu ya ile saa nzima ya aibu. Ukisogeza mbele umesogeza na utamu wenyewe.

Na hesabu zenu za mpira kutembea dakika 55 mzee Refa ni sahihi ila sio kwamba dakika nyingine hazina kitu. Kona inapigwa sekunde tano, ile nusu dakika kabla ndo mpira wenyewe kwa shabiki. Manchester City na QPR 2012, Agüero alifunga ndani ya dakika za majeruhi, ya 94, kama ungezima dakika ya 90 kwa kuokoa muda ungelala ukijua City wamepoteza ubingwa.

Mimi masaa yangu ni 20 na kitu na siyaonei haya. Ila nakiri kitu kimoja, 7 kwa 1 ya Brazil na Ujerumani 2014 nilienda kupokea simu nje dakika ya 22. Nimerudi nikakuta ni tano bila. Nikadhani wanaonyesha marudio ya goli moja.


Mkeka Umechanika:

Mnazunguka tu. Semeni ukweli kinachokula muda siku hizi ni mkeka, yaani kubeti.

Mimi zamani nilikuwa na timu moja, masaa mawili kwa wiki basi, nikishindwa nanuna kidogo naendelea. Nilipoanza mikeka nikawa na timu 14 kila jumamosi na sizipendi hata moja. Kuna usiku nilijikuta saa tisa na nusu nimekaa kitandani na mwanga wa simu usoni nasubiri kona. Sio goli. Kona. Timu mbili za daraja la pili la nchi ambayo siwezi kukuonyesha kwenye ramani, nilihitaji zifike kona 9 na zimekwama kwenye 8, na picha hakuna, ni zile namba tu na kile kimshale kinachoonyesha nani anashambulia. Nilikaa dakika 25 naangalia kimshale wakuu. Hawakupiga ile kona. Mkeka ukachanika, asubuhi nikachelewa kazini nikatoa uongo.

Nimeacha sasa mwezi wa tano. Sikujipangia kupunguza mpira, ulipungua wenyewe. Kumbe mimi mpira naupenda masaa matatu tu, mengine yote nilikuwa nalinda hela, na hela zenyewe hazikulindika. Beki wa Kulia wewe angalia vizuri kwenye yale masaa 6 na nusu ya simu kama hakuna mkeka mle ndani. Hujautaja na mimi najua kwa nini mtu hautaji.


Winga Teleza:

Mnaumwa. Angalieni mpira.


Refa Mstaafu:

Winga amesema. Ila Mkeka hongera sana, mwezi wa tano sio mchezo.


Beki wa Kulia:

Wakuu nimerudi, nilitaka nimalize wiki ya pili ya daftari kwanza ndo niseme.

Mkeka Umechanika, upo. Sio mkubwa lakini upo, kila ijumaa na jumamosi, nilikuwa nimeuandika chini ya "tetesi". Wiki hii sikuweka. Nikanyamazisha na vile vikengele vya simu vyote, yaani goli likifungwa mahali simu hailii. Siku mbili za kwanza nilikuwa nachomoa simu mfukoni naitazama tu kama imekufa. Jumatano nikasahau kuitazama.

Mechi sikupunguza sana wakuu, Kipa wa Akiba utafurahi. Niliangalia timu yangu mara mbili na ile mechi kubwa ya jumapili, mwanzo mwisho, masaa 5 na dakika 50. Wachambuzi nikawaacha, nilikuwa nazima filimbi ikilia, na nimegundua hawasemi kitu ambacho sijakiona, wanachora tu mishale juu yake. Kwa hiyo kabla na baada ikawa dakika 50. Simu ikawa masaa 2 na dakika 20. Jumla masaa 9 kamili. Kutoka 19! Na sijisikii kama nimekosa kitu zaidi ya kwamba kuna winga amesajiliwa nilijua siku ya pili.

Masaa ya kununa niliandika pia dada, kwa heshima yako. Tulitoka suluhu, nikanuna kama masaa manne hivi. Mke wangu anasema ni sita. Tumeweka tano.

Sasa ndo kuna kipya. Daftari alilikuta akitandika. Nilidhani nimekwisha, kumbe alikaa akalisoma lote, akacheka sana pale kwenye hailaiti za mechi niliyotoka kuiangalia. Tukakaa tukakubaliana, mechi 2 kwa wiki, simu chini, na mtoto akija na daftari lake kona haipo. Mimi nikasema sawa, ni makubaliano ya haki.

Nimetoka kwenye kikao ndo nikakumbuka wiki ijayo tuna hatua ya mtoano ya kombe, nyumbani na ugenini, mikondo yote miwili ndani ya wiki moja kwa sababu ratiba imebanana, na jumapili tuna mechi ya ligi. Nikamrudia nikamwambia mikondo miwili ni mechi moja, maana matokeo yanajumlishwa, mshindi anapatikana mmoja. Akaniangalia. Akasema, "Refa anapuliza filimbi ya mwisho mara ngapi?"

Sina jibu. Naomba msaada wa kisheria humu ndani, hasa Refa Mstaafu.


Refa Mstaafu:

Umeoa refa mkuu, mimi nilikuwa natania tu.

Kwa sheria ni mechi mbili, kila moja ina filimbi yake na ripoti yake. Unaweza kujitetea kwamba ni pambano moja lenye mechi mbili, ila hata VAR, wale marefa wa video, haitakuokoa. Na ujiandae kabisa, UEFA waliondoa lile la goli la ugenini kuanzia msimu wa 2021/22 na wengine wengi wakafuata, kwa hiyo jumla ikilingana hakuna wa kupita kwa ujanja tena, inakwenda dakika 30 za nyongeza halafu matuta. Hiyo mechi yako ya pili inaweza kufika masaa mawili na dakika 45. Muulize mapema hizo zinahesabiwaje, usimuulize dakika ya 89.


Kikokotoo:

Muachie ya ligi jumapili. Kwenye ligi una 37 nyingine.


Mama Wawili:

Ni mechi mbili kaka, usilete ujanja kwa mtu aliyesoma daftari lote. Dakika 30 za nyongeza atakupa bure, mimi ningekupa. Zikifika matuta mwite, usiangalie peke yako.